Alichomwa Alhamisi

"Inama uangalie mwenyewe," alisema Dk. Aikaeli, akamsogezea kiti.

Inspekta Pudensiana Kileo akainama kwenye hadubini, jicho moja amelifumba. Aliona duara lenye mwanga, ndani yake nyama iliyotiwa rangi ya waridi, na katikati ya ile nyama vitu vya mviringo vimekaa kama mayai kwenye trei.

"Naona mayai."

"Basi hayo mayai ndiyo vikapsuli. Plastiki ya maabara, kila kimoja kidogo kuliko punje ya chumvi, ndani kina dawa ya kisukari inayovuja taratibu. Kuzunguka hayo mayai yako unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo shida yangu hiyo."

Mzee Lengai wa Oldonyo Sambu alifariki Jumamosi asubuhi. Alikuwa mmoja wa wagonjwa wa kisukari waliokubali kujaribiwa dawa mpya na kituo kimoja cha utafiti, njia ya Njiro. Jumatatu Dk. Aikaeli, daktari wa kupasua maiti, alikuta tundu bichi la sindano kwenye tumbo la marehemu, upande wa kushoto, na chini yake vikapsuli. Mkuu wa utafiti, Dk. Gadiel, hakuuma maneno. Alisema nesi wake Naeku ndiye aliyekwenda kwa mzee siku ya Alhamisi, akamchoma sindano na homa yake, tena bila shaka dozi mbili kwa pamoja, sukari ikashuka mpaka moyo ukagoma. Naye mjane, alipoulizwa na Pudensiana mwenyewe, alijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Alichomwa Alhamisi. Naeku alikuja."

Kwisha habari. Jana, Jumanne, Naeku akawekwa mahabusu. Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani kwa mauaji, kesi isiyo na dhamana. Ana mtoto wa miezi mitano. Bibi yake mtoto ametoka naye Kwa Mrombo, amekaa naye kwenye benchi la kituoni. Akilia anapelekwa mlangoni kwa mama yake anyonye, halafu anarudishwa kwenye benchi. Tangu jana Naeku ana neno moja tu: sikumchoma.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa shule," Pudensiana alisema.

"Shuleni walikwambia chembe nyeupe za damu ni nini?"

"Askari wa mwili."

"Haya, afande. Mwili ukiingiliwa na kitu kigeni, mwiba, risasi, plastiki, askari wanakuja. Saa chache tu, wale wadogo wepesi wameshafika. Baadaye wanaingia walaji, wakubwa hao, kazi yao kumeza uchafu. Wanakikuta kikapsuli, wanajaribu kukimeza, hakimezeki. Wanaungana wengi wawe kitu kimoja, bado hakimezeki. Mwisho wanakijengea ukuta na kukifungia humo. Sasa huyu mzee amechomwa Alhamisi, amekufa Jumamosi. Hapa palitakiwa pawe na vurugu kubwa."

"Na pako kimya."

"Kimya kama kanisa siku ya Jumanne."

Pudensiana aliinama tena. "Na hiki cheusi huku pembeni?"

"Alama ya moto. Nyingine za zamani, mbili ni mbichi. Wazee wengi wa kule wanazo, achana nazo. Nilikata kipande kipana, ndiyo maana imeingia."

"Moyo wake ulikuwaje?"

"Moyo wa mtu wa miaka sabini na mbili, mishipa imeziba. Ungeweza kusimama wenyewe siku yoyote. Lakini sindano ikitajwa mahakamani, nani atausikiliza moyo?" Alivua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe. "Kuhusu huu ukimya, nenda kamuulize mwenye plastiki. Mimi sitaki kusema jambo litakalonirudia."

* * *

Mwenye plastiki aliwapokea vizuri mno. Dk. Gadiel alikuwa mtu wa sauti laini na viatu vinavyong'aa, na kabla Pudensiana hajakaa vizuri kahawa ilikuwa mezani. Koplo Ephraimu, msaidizi wa Inspekta, alibaki amesimama mlangoni.

"Daktari wa maiti anasema vikapsuli vyako ni visafi," Pudensiana alianza. "Havikuguswa na askari hata mmoja."

Uso wa Gadiel ulichanua. "Visafi? Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, na anashangaa."

"Ana haki ya kushangaa! Inspekta, dunia nzima watu wanahangaika na hao askari. Unaweka dawa nzuri, wanaijengea ukuta, dawa inabaki ndani, mgonjwa hafaidiki. Sisi vikapsuli vyetu tumevivalisha koti. Askari wanapita hapo hapo, hawavioni." Akashusha sauti, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna msiba. "Inasikitisha tu kwamba ushahidi wenyewe umepatikana kwa uzembe wa yule binti."

"Vinakaa mwilini muda gani?"

"Mwaka mzima, haviyeyuki."

"Mzee Lengai alishawahi kupewa kabla ya Alhamisi?"

"Mara moja, mwezi wa tatu. Nilimfuata kwake nikamchoma mwenyewe, tumboni, kulia. Alhamisi ilikuwa zamu ya kushoto, lakini maagizo yangu yalikuwa wazi: mwenye homa asiguswe."

"Na Jumamosi ulikwenda msibani."

"Nilikwenda kuthibitisha kifo na kuwapa pole. Nilimshika mkono, nikamfumba macho, basi. Sikumgusa zaidi ya hapo."

Walipofika nje Ephraimu alipuliza pumzi. "Afande, hapo tumepigwa bao. Ule usafi tuliotegemea umsaidie Naeku, huyu bwana kaugeuza sifa zake."

Simu ya Pudensiana ikaita. Alikuwa bosi wake. Alitaka jalada mezani kwake leo leo, kabla hajaondoka ofisini. Pudensiana akasema "ndiyo, afande" mara tatu, akakata, akaingia kwenye gari na kuubamiza mlango.

"Turudi kituoni?" Ephraimu aliuliza.

"Oldonyo Sambu."

"Kule tulishachukua maelezo."

"Tulichukua. Lakini nesi mzoefu anajua mwenye homa hachomwi sindano, halafu anachoma. Nataka kujua kwa nini. Endesha."

* * *

Upande ule wa mlima Meru upepo hauna adabu. Ulikuwa unapiga turubai la msiba na kumwaga vumbi kwenye masufuria, na akina mama waliokuwa wanapika walishazoea, wanafunika tu na kuendelea na mazungumzo yao. Mwili ulikuwa bado hospitali. Bibi Silantoi, mjane wa mzee Lengai, alikuwa amekaa karibu na moto, shuka jeusi begani.

"Shikamoo, yeyo," Pudensiana alimsalimu, akimwita mama kwa lugha ya kwao, akachuchumaa mbele yake.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena."

"Nimekuja tena. Poleni sana. Sitakuchosha, nina swali moja tu. Alhamisi mzee alikuwa na homa. Sasa kwa nini alichomwa?"

"Kwa chuma."

Pudensiana alidhani upepo umemeza nusu ya maneno yake. Akasogea. "Nauliza, yeyo, mzee alichomwa kwa nini?"

"Si nimekwambia? Kwa chuma." Bibi aliokota kijiti, akakichomeka kwenye makaa, akakitoa, akakielekeza tumboni kwake mwenyewe, juu ya shuka. "Kinakaa motoni mpaka kinakuwa chekundu. Halafu hapa, na hapa."

Pudensiana akalikumbuka lile neno, *alichomwa*. Yeye ndiye aliyelipokea, na yeye ndiye aliyeandika *sindano* mahali ambapo bibi hakutaja sindano hata mara moja.

"Nani alimchoma?"

"Shemeji yangu, Loishiye. Mzee alilala analia tumbo. Asubuhi akasema, niitieni Loishiye anichome. Ni dawa ya baba zake. Hata mimi nimechomwa, nikuonyeshe?"

"Nakuamini, yeyo. Na Naeku?"

"Naeku alikuja baadaye, akakuta ameshachomwa. Alifoka huyo! Alimfokea Loishiye, akamfokea mzee, mimi nikajificha jikoni." Bibi alitabasamu kidogo, kisha machozi yakamlenga. "Akasema leo sindano hakuna, mzee ana homa na kidonda juu. Akamwosha, akampaka dawa, akamfunga bandeji nyeupe, akaenda zake. Mtoto mwenye roho nzuri yule. Mbona haji msibani?"

Ephraimu aliangalia viatu vyake.

"Yuko kwetu, yeyo," Pudensiana alisema.

"Kwenu wapi?"

"Polisi."

"Yesu wangu! Amefanya nini?"

Wanawake wa masufuria waligeuka. Pudensiana alitamani ardhi ipasuke. Badala yake akauliza kilichobaki kuulizwa, maana asingekuwa na siku nyingine. "Jumamosi, yule daktari wa mjini alipofika, ilikuwaje?"

"Alikuja gari la kuchukua mwili halijafika. Akasema tutoke wote, anataka kumwangalia. Tukatoka, akafunga mlango. Nilikaa nje na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa."

"Alikuwa na kitu?"

"Begi lake."

"Kabla ya hapo alishakuja hapa? Mwezi wa tatu, labda? Anasema alikuja akamchoma mzee sindano."

Bibi akamtazama kama mtu anayetazama mtoto asiyejua kalenda. "Mwezi wa tatu? Ule ukame? Mzee alikuwa Longido na ng'ombe, alirudi baada ya Pasaka. Na yule daktari nimemwona Jumamosi, mara ya kwanza na ya mwisho. Aliyekuwa anakuja hapa kumpima mzee ni Naeku peke yake."

* * *

Alipiga simu akiwa bado uani, sikio moja ameliziba kwa kidole.

"Daktari, ile alama ya moto uliyoniambia niachane nayo. Ipo kwenye kioo?"

"Pembeni ipo, ulivyoiona. Kwani vipi?"

"Ni ya Alhamisi. Iangalie, halafu uangalie tundu la sindano. Vikapsuli viache, angalia tundu lenyewe, njia aliyopitia mwenye kuchoma."

Alisikia kiti kikiburutwa, kisha kikohozi. Ephraimu alikuwa amesimama karibu mno, anajaribu kusikia.

"Pudensiana." Dk. Aikaeli hakumwita Inspekta. "Kwenye moto wamejaa. Wamejaa kama watu mnadani. Wadogo wapo, walaji wapo, wote."

"Na kwenye tundu?"

"Vidole viwili tu kutoka hapo. Hakuna hata mmoja. Hakuna hata damu iliyovujia kwenye nyama. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye mayai, jamani! Sindano ilipoingia hapa, moyo ulikuwa haupigi tena. Hapakuwa na damu ya kuwaleta hao askari."

"Sema kwa Kiswahili cha mahakamani."

"Huyu mtu alichomwa sindano akiwa ameshakufa."

Pudensiana alifumba macho kidogo, vumbi likampiga usoni. "Mwili bado uko kwako. Pasua na upande wa kulia. Tafuta vikapsuli vya mwezi wa tatu."

"Na nisipovikuta?"

"Ndivyo ninavyotaka uniambie. Na unitumie picha."

* * *

Dk. Gadiel alifika kituoni mwenyewe, kwa gari lake, hana hili wala lile. Alipita mbele ya benchi. Mtoto wa Naeku alikuwa analia, bibi yake anambembeleza. Daktari akawapita bila kugeuza shingo.

Pudensiana alimkaribisha chumba cha mahojiano. Ephraimu akakaa na kalamu. Juu ya meza palikuwa na bahasha ya kaki.

"Samahani kukusumbua tena, dokta. Nieleze upya lile la koti, Koplo aliandike vizuri."

Gadiel akalieleza, kwa raha zake. Vikapsuli vimevaa koti, askari wa mwili wanapita, hawavioni.

"Na sindano nayo ina koti?"

"Samahani?"

"Vikapsuli havionekani, nimekubali. Lakini vimeingizwa kwa sindano ya chuma. Imetoboa ngozi, imechana nyama. Hilo tundu nalo askari hawakuliona?"

Gadiel akachukua glasi ya maji, akanywa kidogo. "Inspekta, huyo ni mzee wa miaka sabini na mbili, kisukari cha siku nyingi. Askari wa mtu kama huyo wamechoka. Wanachelewa kuja, pengine hawaji kabisa. Ni jambo la kawaida kitaalamu."

"Wamechoka."

"Ndiyo, wamechoka."

"Koplo, andika hivyo hivyo." Alisubiri mpaka kalamu iliposimama. Kisha akatoa picha kwenye bahasha, akaitelezesha mezani. "Alhamisi hiyohiyo, tumbo hilohilo, vidole viwili kutoka kwenye tundu lako la sindano, mzee alichomwa na shemeji yake kwa chuma cha moto. Hii ndiyo nyama ya mahali pale. Hivi vidoti vya zambarau vyote ni askari. Hebu nionyeshe aliyechoka ni yupi."

Gadiel aliitazama picha. Aliitazama sana. Rangi ilianza kumtoka taratibu, kuanzia midomoni.

"Moto?" alisema.

"Moto. Hukuuona?"

"Ningeuonaje? Palikuwa na band..."

Ephraimu aliinua kichwa.

"Malizia, dokta," Pudensiana alisema kwa upole.

"Nilitaka kusema, nilisikia kwamba..."

"Palikuwa na bandeji. Nyeupe. Naeku aliifunga Alhamisi, chini ya shati, chini ya shuka. Ilitolewa hospitali kabla ya kupasua. Wewe ulimshika mkono na kumfumba macho, hukumgusa zaidi ya hapo. Bandeji ya tumboni uliionea wapi?"

Nje mtoto aliendelea kulia. Gadiel akaisogeza glasi kutoka kulia kwenda kushoto.

"Nilidhani ni kidonda cha kisukari," alisema mwishowe, sauti haisikiki.

"Ukachoma pembeni yake."

"Sikumuua! Nilimkuta ameshakufa, Inspekta, naapa kwa Mungu!"

"Najua kwamba hukumuua. Hakuna aliyemuua. Moyo wake ulichoka wenyewe." Pudensiana alitoa picha ya pili, akaiweka juu ya ya kwanza. "Huu ni upande wa kulia. Hapa ndipo palipotakiwa kuwa na vikapsuli vya mwezi wa tatu, vile vinavyokaa mwaka mzima. Hakuna hata kimoja. Mwezi wa tatu mzee alikuwa Longido anachunga. Hukumchoma kamwe, ila waliokupa pesa za utafiti uliwaambia umemchoma na anaendelea vizuri. Mzee akafa, ukajua atapasuliwa, watakuta hana kitu. Ukawahi. Tundu lilipoonekana ni bichi, ukatafuta mtu wa kulibeba. Kuna wengine wangapi uliowachoma kwa maneno matupu?"

"Nataka wakili."

"Utampata. Kwa kesi hii wewe una dhamana. Yule uliyemtupa mle ndani hakuwa nayo." Sauti yake ilipanda, na hakujali. "Umepita mbele ya mtoto wake sasa hivi, dokta. Hata macho hukumtupia!"

* * *

Bosi alifoka kwenye simu, kisha akauliza maswali, kisha akasema haya, mtoe. Pudensiana hakumtuma mtu. Alichukua ufunguo mwenyewe, akamchukua mtoto kutoka kwa bibi yake, akaenda naye mpaka mlango wa mahabusu.

Naeku alikuwa amekaa sakafuni, peku, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Alipoona mlango umefunguliwa wazi, si nusu kama kila alipoletewa mtoto, hakuinuka. Alinyoosha mikono tu. Mtoto alipopewa titi alikata kilio papo hapo, akabaki anavuta pumzi za kwikwi.

"Umeachiwa," Pudensiana alisema. "Hakuna kesi. Ulisema kweli tangu mwanzo."

"Nilisema," Naeku alijibu, macho kwa mtoto.

Pudensiana akachuchumaa, kama alivyochuchumaa mbele ya bibi Silantoi. "Kosa ni langu, mdogo wangu. Yule mama aliniambia mzee alichomwa Alhamisi. Nikaandika sindano. Nisamehe."

Naeku alimtazama kwa mara ya kwanza. Alikaa akifikiri, na ilipomwingia akilini alitoa kicheko kifupi, kilichokatika katikati na kuwa kilio. Akajifuta kwa kiganja.

"Afande," alisema, "siku nyingine ukiambiwa mtu amechomwa, uliza kwa nini."